Shajara ya DT 125 ya Baba, kibandani kwetu Ndosho, Goma

Jumamosi, 3 Juni 2023

Leo tumeitoa pikipiki ya Baba. Ilikuwa imeegemea ukuta wa nyuma tangu 2006, chini ya kipande cha bati na turubai lililokwisha kuwa nyuzi. Mwanangu wa pili, mwenye miaka 14, alisukuma kwa nyuma, mimi nikashika usukani, na zile hatua ishirini hadi kibandani zikatuchukua karibu saa nzima. Gurudumu la nyuma halizunguki, na uwanja wetu ni lava tupu, ile yenye meno. Baba aliketi kwenye kiti chake mlangoni akitutazama. Hakusema kitu mpaka tulipoisimamisha.

Ni Yamaha DT 125 ya mwaka 1976. Silinda moja, mipigo miwili, inapozwa kwa hewa. Kipenyo cha silinda ni milimita 56 na mwendo wa pistoni milimita 50. Piga hesabu unapata cc 123. Baba aliinunua mitumba mwaka 1984, nchi ikiitwa Zaire. Alikuwa muuguzi wa mifugo, ingawa huko Masisi walimwita daktari wa ng'ombe. Chanjo alizifunga nyuma ya kiti ndani ya kasha la barafu, akapanda Sake, Mushaki, Karuba, pengine hadi Kitshanga, analala huko siku tatu, nne. Karo yangu ya shule ilitoka kwenye magurudumu haya mawili, tangu darasa la kwanza hadi diploma.

Siku ilipokufa alikuwa anarudi kutoka Sake. Karibu na Mubambiro injini ilikaza ghafla na gurudumu la nyuma likaburuzika mpaka alipokamata klachi. Alirudi nayo juu ya lori la makaa. Tangu siku hiyo, ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Niliiua mimi mwenyewe. Nilisahau kuweka oili."

Kwa asiyezijua pikipiki hizi: DT haichanganyi oili na petroli ndani ya tangi moja. Ina kitangi chake cha oili pembeni na pampu ndogo, ule mtambo Yamaha wanauita Autolube, na pampu hiyo ndiyo inayoipimia injini oili kadiri unavyofungua gesi. Kitangi kikikauka, pistoni inakwaruzana na silinda chuma kwa chuma. Ndivyo baba anavyoamini ilivyokuwa.

Lengo langu ni itembee tena kwa viungo vyake vyenyewe, kila panapowezekana. Kuna mafundi wa mtaa wa Birere ambao kwa siku mbili tu wangenitia injini ya Kichina ya mipigo minne ndani ya fremu hii, na ingetembea vizuri. Sitaki. Hiyo ingekuwa pikipiki nyingine iliyovaa nguo za baba.

Jumapili, 11 Juni

Baada ya misa nilifungua ninachoweza kufungua bila nguvu. Nyaya zimeliwa na panya kuanzia chini ya kiti hadi kwenye taa. Spoku za nyuma, zaidi ya nusu zina kutu ya kuvunjika. Mabati ya Goma hayakai miaka mingi kwa ile mvua yenye ukali wa moshi wa Nyiragongo, sembuse spoku. Fremu, namshukuru Mungu, ni nzima. Kiki haishuki hata ukiikanyaga kwa miguu miwili.

Kisha nikafungua kasha la kichujio cha hewa, na hapo nikakaa chini.

Ndani hamkuwa na sponji. Kulikuwa na kichanga cheusi kimejaa hadi kwenye mdomo wa kabureta, laini kama unga wa muhogo uliochanganywa na masizi. Nilichukua kidogo kwenye karatasi nyeupe nikakitazama kwa lenzi ya maabara ya shule (mimi ni mwalimu wa fizikia). Vumbi la Goma si udongo. Ni lava iliyosagwa na magari, na chini ya lenzi unaona vipande vidogo vya kioo, vingine vina ncha kama za sindano. Hicho ndicho injini hii ilikuwa inavuta.

Nilimuuliza baba. Akakumbuka: mwaka mmoja hivi kabla ya kukaza, kuna fundi aliyeitoa ile sponji akisema injini ya zamani inataka hewa nyingi. Nguvu iliongezeka kidogo, baba akafurahi, akamlipa.

Jumamosi, 17 Juni

Kichwa cha silinda kimetoka bila shida, nati nne. Pistoni imekwama robo ya njia. Nimemimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi ya gia juu yake, nusu kwa nusu, na kila jioni naongeza. Silinda hii haipigwi nyundo. Nimemwambia mtoto hivyo mara tatu, na nimejiambia mwenyewe mara nyingi zaidi.

Jumanne, 27 Juni

Imeachia. Siku kumi kamili. Jana usiku nilipasha silinda joto kwa jiko la makaa lililowekwa karibu, nikaweka kipande cha mbao ya mkalitusi juu ya pistoni, nikagonga kidogo kidogo kwa ngumi ya mbao. Kwanza hakuna. Halafu ikasogea upana wa ukucha. Leo asubuhi silinda nzima ilipanda mikononi mwangu.

Nilipotoa ile pete ya waya inayoshika pini ya pistoni, iliruka, ikagonga ukuta, ikaingia kwenye ufa wa lava sakafuni. Haitarudi. Haidhuru, pete hizi haziwekwi mara mbili, ila nimejifunza: kuanzia leo naziba mdomo wa injini kwa kitambaa na natandika shuka kuukuu chini. Pete ikiangukia ndani ya kasha la kreni (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) badala ya sakafuni, unapasua injini nzima kwa ajili ya senti tano.

Sasa pistoni. Ningependa kila mtu mwenye injini ya mipigo miwili aishike mkononi walau mara moja, kwa sababu imeandikwa. Upande wa ekzosi una mikwaruzo mirefu ya wima, aluminiamu imeyeyuka na kupakwa juu ya ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka, hadi ringi haziwezi kutoka kwenye mifereji yake. Huko ndiko joto kali liliko, na huko ndiko injini hukaza oili ikikosekana. Upande wa pili, unaoelekea kabureta, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Huo umesagwa. Umekuwa wa kijivu, hauna mng'ao, kama chupa iliyookotwa ufukweni Kituku, na ukipitisha ukucha unahisi umepungua unene kuelekea chini. Ni kazi ya kichanga kilichoingia na hewa. Magonjwa mawili, pistoni moja.

Jioni nikavua kitangi cha oili ili nikioshe. Kifuniko kilikuwa kimeshikwa na kutu, ndiyo maana sikukifungua mapema, na kile kidirisha cha kutazamia kiwango kimekuwa cheusi tii. Kilikuwa kizito. Nilidhani ni maji ya mvua. Nikakiinamisha juu ya beseni, ikatoka oili. Nyeusi, nzito kama asali, lakini oili. Zaidi ya nusu ya kitangi.

Nikaufuata mpira unaotoka kitangini kwenda kwenye pampu. Umekauka kama mfupa. Nilipoukunja kidogo karibu na pampu, ulifunguka ufa wa urefu wa sentimita moja. Nje huuoni mpaka uukunje, na kwenye pikipiki ulikuwa umekunjwa hapo hapo. Pampu ilikuwa inanyonya hewa kupitia ule ufa, maana hewa ni rahisi kuvuta kuliko oili nzito. Pampu yenyewe nimeizungusha kwa mkono, inasukuma vizuri.

Nilimpelekea baba beseni na mpira. Aliukunja, akauachia, akaukunja tena. Akasema, "Kumbe oili ilikuwamo." Akautia ule mpira kwenye mfuko wa shati. Usiku nilimsikia akimweleza mama habari za mpira, na baadaye akarudia tena tangu mwanzo.

Jumamosi, 15 Julai

Shule zimefunga, nina muda. Siku mbili zimekwisha nikipasua injini.

Magneti, lile gurudumu la sumaku linalotoa umeme, haitoki kwa nyundo. Ukipiga, unapinda ncha ya kreni au unapunguza nguvu za sumaku, na ndivyo injini nyingi za zamani hapa mjini zilivyoharibiwa na watu wenye haraka. Nilimpelekea fundi wa mashine ya kukereza chuma, tunayemwita turneri, vipimo vya uzi ulio katikati ya magneti, akanichongea kivutio kutoka kwenye boliti kubwa ya lori. Dola tano. Iligoma, iligoma, halafu ikatoa mlio kama wa risasi ndogo, ikashuka yenyewe.

Beringi za kreni zinalia ukizizungusha. Hizo si tatizo: namba imeandikwa ubavuni, unaenda nayo dukani unapewa. Tabu iko kwenye sili mbili za mafuta, moja kila upande wa kreni. Kwenye injini ya mipigo minne sili ikivuja unaona oili chini, unajua. Kwenye mipigo miwili sili ya upande wa magneti ikichoka huoni chochote. Inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo, injini inachemka, na mwenyewe unasikia tu kwamba leo inakimbia vizuri kuliko jana. Ya kwetu ilikuwa ngumu kama kifungo cha koti. Kwa hiyo ni ya tatu kwenye orodha ya walioiua, baada ya mpira na kichanga.

Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kreni, nimeishika kwenye jicho la chini, nikaivuta juu na chini: haichezi hata kidogo. Kwenda kulia na kushoto inacheza kidogo, kama inavyotakiwa. Itabaki. Hili limenipunguzia matumizi makubwa.

Jumamosi, 5 Agosti

Nilitaka kuchonga silinda kwanza halafu nitafute pistoni. Turneri akanikatalia. "Prof, leta pistoni, ndiyo nitajua nachonga kiasi gani." Ana haki. Pistoni mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kwa sehemu chache za mia za milimita, na nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na silinda hapa ni takribani milimita 0.04 hadi 0.045. Kosa dogo tu na unarudi Mubambiro.

Alipima silinda kwa saa ya kupimia ndani: juu, karibu na pale ringi zinapogeukia, 56.18, na haiko duara tena, imekuwa yai. Yamaha hutengeneza pistoni kubwa kwa hatua za milimita 0.25. Hatua ya kwanza, 56.25, isingefuta mikwaruzo ya upande wa ekzosi. Tulikubaliana hatua ya pili, 56.50. Injini itakuwa cc 125 na nukta, na hakuna atakayehisi tofauti.

Pistoni imetoka Kampala kwa basi, ikapita Kigali na Gisenyi. Imefika na ringi zake, pini, na pete mbili za waya. Dola 42, pamoja na za kumshukuru dereva. Nimelala nayo usiku kucha kama mtoto mchanga.

Jumapili, 20 Agosti

Silinda imerudi, na nimekaa nayo mlangoni kwenye mwanga kwa muda mrefu. Kuta zinang'aa, ile misalaba myembamba inayoachwa na jiwe la kusugulia inaonekana vizuri. Kazi safi. Lakini nilipoingiza kidole na kupitisha kwenye kingo za madirisha, yale matundu ambamo gesi inaingia na kutoka, kilitoka na mchirizi wa damu.

Kingo zimebaki kali kama wembe. Ukichonga silinda ya mipigo minne unamaliza hapo. Ya mipigo miwili ina madirisha ukutani, na kila pistoni inapopita, ringi inatanuka kidogo kuingia dirishani. Kingo zikiwa kali, ringi inanaswa na kuvunjika. Sikurudi kwa fundi, kazi yake nyingine yote ni nzuri mno na hii naiweza. Nimetumia jiwe dogo la kunolea na karatasi ya msasa namba 400 iliyozungushwa kwenye kijiti, dirisha kwa dirisha, nusu milimita tu ya mteremko. Ilinichukua saa nne. Mtoto alishika tochi. Mwisho nikaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, si petroli, kwa sababu petroli huacha unga wa jiwe kwenye vinyweleo vya chuma. Kisha nikafuta kwa kitambaa cheupe chenye oili hadi kitambaa kikabaki cheupe.

Ringi: niliingiza moja moja ndani ya silinda, nikaisukuma kwa pistoni ikae sawa, nikapima mwanya wake. 0.30 zote mbili. Vizuri. Kwenye kila mfereji wa pistoni kuna kipini kidogo, na ncha mbili za ringi lazima zikumbatie kile kipini, vinginevyo ringi itazunguka na ncha zitaingia dirishani. Mshale juu ya pistoni unaelekea ekzosi. Nimeuangalia, mtoto ameuangalia, baba amekuja kuuangalia.

Jumamosi, 9 Septemba

Wiki tatu za mambo madogo madogo. Naandika kwa ufupi.

Magurudumu: rimu za inchi 21 mbele na 18 nyuma, spoku 36 kila moja. Nimebadilisha za nyuma zote, za mbele nimeokoa 29. Nilizinyoosha kwa kufunga kijiti kwenye uma na kuzungusha. Mbele imekuja vizuri, nyuma bado inayumba milimita mbili na nimekubali.

Breki zimepata viatu vipya. Nyaya za umeme nimezisuka upya zote, rahisi, volti 6, waya tano tu za maana.

Tangi la petroli lilihitaji zaidi. Ndani kulikuwa na kutu ya kumenyeka kama maganda ya kitunguu. Nilitia kokoto ndogo na nati kuukuu, lita tatu za siki, nikaziba. Linatakiwa kutikiswa kwa saa nyingi, na mkono wa mtu hauwezi. Jirani yetu anaendesha chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kisicho na injini, hubeba magunia ya viazi na makaa. Alikubali kulifunga mbele ya mzigo wake kwa siku mbili. Kila jiwe la barabara kati ya hapa na Kibumba limefanya kazi yangu. Siku ya tatu nilimwaga maji ya rangi ya chai, nikasuuza kwa magadi, nikakausha kwa pumzi ya pampu ya baiskeli, nikazungushia oili ndani. Chuma cheupe.

Rangi ya tangi kwa nje ndiyo imeleta mazungumzo. Nilikuwa nimenunua bati la rangi. Baba akaniita, akaniwekea kidole upande wa kulia, chini ya nembo. Kuna mstari wa mshazari, upana wa kidole, rangi imelika hadi kwenye chuma. Kutu yake imekuwa ya kahawia laini, haiendelei.

Ni kamba ya godoro. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava kushuka mjini, alilifunga godoro juu ya pikipiki hii, juu ya godoro akaweka dada yangu mdogo, akaisukuma na umati mzima hadi Gisenyi. Petroli hakuwa nayo. Mimi nilitembea nimeshika kiti cha nyuma. Nakumbuka mwanga mwekundu angani na mikono yangu kunuka mpira, kamba sikuikumbuka kabisa. "Uiache vile," baba akasema. Nimeiacha. Nimepaka nta tu juu ya ule mstari ili unyevu usiingie. Bati la rangi nimelirudisha dukani, wamenipa sehemu za breki.

Jumamosi, 23 Septemba

Moto, yaani wakati wa cheche kuruka. Kabla ya kufunga kichwa cha silinda nilitumia nafasi ya kuona pistoni kwa macho. Kilele chake nilikipima kwa mkia wa kipimo cha vernia, halafu nikairudisha milimita 1.8 chini, kwa maana hapo, kabla ya kilele, ndipo platini, yale mabano mawili yanayokata umeme, zinatakiwa kuachana na cheche kuruka. Njia ya wazee: weka karatasi ya sigara kati ya platini, ivute polepole huku ukizungusha magneti. Sekunde karatasi inapoteleza, platini zimeachana. Ya kwetu iliteleza ikiwa imechelewa karibu milimita moja. Kuongeza uwazi wa platini ni kuwahisha moto, kwa hiyo nilicheza na skrubu moja kwa muda wa saa moja na nusu. Uwazi umeishia 0.35, ndani ya mipaka ya 0.3 na 0.4. Kondensa mpya.

Kabureta ni Mikuni. Nimeiosha kwa petroli, vitundu nimevipitisha uzi wa kuvulia samaki, kamwe si waya, waya hupanua. Goma tuko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa ina wepesi wake: shinikizo ni kama asilimia 85 ya lile la pwani. Kabureta iliyopangwa kwa pwani hapa itatoa petroli nyingi mno, buji (Watanzania wanaiita plagi) italowa na kuwa nyeusi. Hata hivyo kwa kilomita za kwanza nataka petroli izidi kidogo, maana ndiyo inayopoza na kulainisha pistoni mpya. Nimebakiza kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Nitapunguza baadaye.

Kichujio. Mara ya kwanza nilikata sponji ya godoro, kwa kuwa ipo na ni bure. Nikaijaribu kwenye kopo la petroli: baada ya dakika kumi inamomonyoka vidoleni. Ningeirudisha injini kwenye kifo kile kile kwa jina la kichujio. Nimeagiza sponji halisi ya vichujio, ile inayostahimili petroli, nimeikata kwa kiolezo cha karatasi, nimeipaka oili na kuikamua. Kingo za kasha nimezipaka grisi, ili vumbi litakalozunguka linase hapo.

Mpira wa oili ni mpya, wa uwazi, ili kila mtu aone kilichomo. Nimefungua skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu mpaka mapovu yakaisha na ikatoka oili tupu. Na bado siamini. Tangi la kwanza nimechanganya pia kwa mkono, mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Itatoa moshi kama tanuri. Itoe.

Jumapili, 1 Oktoba

Petroli nimenunua kituoni, si kwa makadafi, wauza petroli wa barabarani, siku hii tu sikutaka chupa isiyojulikana.

Saa nne asubuhi. Kiki ya kwanza, ya pili, hadi ya tisa: kimya. Buji imelowa, kwa hiyo petroli inafika. Nikaikausha, nikaishikiza kwenye chuma, mtoto akakanyaga: cheche ya njano, dhaifu. Nusu saa nikitafuta. Ni waya wa swichi ya kuzimia, niliufunga mimi mwenyewe mahali ambapo usukani ukikunjwa kushoto unagusa fremu. Nikauhamisha. Cheche ya bluu.

Kiki ya pili baada ya hapo iliwaka.

Mlio wa mipigo miwili huwezi kuuchanganya na mwingine, na huku umekuwa nadra sasa, pikipiki zote za mjini ni mipigo minne. Majirani walitoka. Mama alitoka na unga mikononi. Kibanda kilijaa moshi wa bluu, mtoto anakohoa, mimi nina mkono kwenye gesi naogopa hata kuiongeza.

Baba hakutazama injini. Alizunguka nyuma, akainama kwenye ekzosi akishika goti, akauweka mkono kwenye moshi. Akaunusa. Akakaa pale hadi nikadhani amezidiwa. Akainuka akanionyesha kiganja, kina vitone vidogo vya oili.

"Inafika," akasema.

Dakika tatu nikaizima, ipoe kabisa. Halafu dakika tano. Halafu kumi. Mara ya nne ikipoa nilikaza tena nati za kichwa, kwa msalaba.

Jumapili, 8 Oktoba

Mara nne Ndosho hadi Mugunga na kurudi, bila kuzidi nusu ya gesi, bila kupanda mlima, nikipumzika kila ncha. Barabara ya Masisi si ya matembezi siku hizi, kwa hiyo Karuba itasubiri. Mara ya nne baba alikaa nyuma. Hakushika kiti, alinishika mabega, na kila nilipobadilisha gia vidole vyake vilikaza sekunde moja kabla yangu. Mimi nachelewa kubadilisha, nimeona hilo.

Buji: kahawia, pembeni nyeusi kidogo. Baada ya tangi la pili nitaacha kuchanganya kwa mkono na nitapandisha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja, petroli ipungue. Nimefungua ekzosi nikamulika tochi dirishani: upande ule wa pistoni ni laini, una mng'ao.

Kichujio nimekitoa nikakiangalia. Upande wa nje sponji ni nyeusi kabisa, kwa safari nne tu na bado mvua imeshaanza. Nikapitisha kidole ndani ya mdomo wa kabureta: kisafi. Hivyo kuosha ni kila juma, kwa petroli, kukamua, kupaka oili, kulaza usiku.

Yaliyobaki: waya wa kipima mwendo, kioo cha kulia, makaratasi. Taa ya nyuma bado haiwaki.